Kibodi ya Bi Mwanakheri

Haya ni kweli tupu. Mkinikuta na chumvi hata punje moja, kahawa ya baraza zima ni juu yangu.

Bi Mwanakheri, mpiga chapa wa ofisi ya maji, alikuwa amechomeka kwenye kompyuta yake kifeni cha kupoza uso na kisahani cha kupashia chai. Mkuu mpya, Bwana Kitundu, akamsimamia kichwani.

“Mama, hapa ofisini au jikoni? Kila kisicho cha ofisi kiondoke mezani! Kisha ujipigie barua ya onyo la mwisho. Ukirudia, kazi huna.”

“Kila kitu, mkuu?”

“Kila kitu!”

Akachomoa kifeni. Akachomoa kisahani. Akachomoa kipanya na kibodi pia, maana vya ofisi vilikufa mwaka juzi akanunua vyake. Akavifunga vyote kwenye kanga, akakunja mikono.

“Haya mkuu, nisomee maneno ya hiyo barua, niyapige.”

Kwenye ukurasa mweupe, kijistari cha kuandikia kikawa kinapepesa peke yake, ofisi nzima ikikitazama.

“Mwongo wee!” Bi Mwanakheri mwenyewe, kumbe muda wote yupo ananisikiliza, akaniropokea kutoka nyuma ya baraza. “Kisahani sikukichomoa. Chai ilikuwa haijapata moto!”

Haya, muuza kahawa, wamiminie.