Kitabu cha Kumbukumbu

Huyu Tausi mnayemwona akijishaua aliwahi kuwa mwenyekiti. Chuo Kikuu cha Wanyama kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, naye akapewa kamati ya sherehe. Karani wake alikuwa Kasuku, ambaye kila alichosikia kikaoni alikiandika, neno kwa neno.

"Nataka kitabu kinene cha kumbukumbu," Tausi alimwagiza.

"Kumbukumbu zote, Mheshimiwa?"

"Zote! Usiniulize-ulize."

Siku ikafika. Tembo, mgeni rasmi, akakifungua kitabu jukwaani na kusoma kwa sauti: "Kikao cha kwanza. Mwenyekiti aliuliza sambusa ziko wapi." Akafunua mbele. "Kikao cha thelathini. Sambusa zilikuwa za baridi, kikao kikaahirishwa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mpumbavu wee!" Tausi akamnong'oneza Kasuku. "Nilitaka kumbukumbu za chuo, si za vikao!"

"Ulisema zote, Mheshimiwa."

Tembo alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. "Mwenyekiti aliagiza Mzee Kobe asialikwe, maana gamba lake litaharibu picha." Akainua macho. "Huyu Kobe ni nani?"

"Ndiye aliyeanzisha chuo," Kasuku akajibu. "Lakini hilo halikutajwa kikaoni, kwa hiyo halimo."