Mguu wa Kushoto

Tangu ajifungue, Ruzuna alikuwa mtu wa kitandani. Asubuhi hiyo aliamka mguu wa kushoto umevimba, shavu la mguu linauma na lina moto.

“Ni baridi ya uzazi, mwanangu,” alisema mama mkwe wake, Bi Zuwena, akaanza kuukanda kwa mafuta ya nazi.

Wifi yake, Raya, alipoingia alishtuka. “Mama, acha! Ukivimba mguu mmoja tu, huenda damu imeganda ndani, na ukikanda itapanda hadi mapafuni. Kliniki walituonya. Twende hospitali!”

“Nimekanda wazazi wangapi mimi?” Mikono ikapanda pajani.

Ruzuna alitaka kusema anajisikia nafuu, lakini kifua kilimchoma ghafla, pumzi ikagoma. Raya alitoka mbio kutafuta gari. Ubavuni mwa Ruzuna, mtoto aliamka, akaanza kupapasa akitafuta titi.