Aliyebaki Ameketi

Chiriku alipiga hodi ya tatu, na Mzee Spana hakugeuka. Alimwona vizuri kupitia dirishani: ameketi kwenye kigoda, mgongo kaupa mlango, anaitia mafuta cherehani ya mkewe. Hodi tatu, na hata bega halikutikisika.

"Ana haki," Chiriku alijisemea, uso ukimwiva kwa aibu. Angekuwa yeye, angetoka na ufagio.

Jina la Chiriku alipewa na wenzake kiwandani kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kwenye ukumbi wa mitambo ya kufuma, ambako kwa kelele mtu hasikii hata chafya yake mwenyewe na watu huzungumza kwa ishara na kusomana midomo, yeye aliweza kusengenya kwa vidole vyote kumi. Ijumaa ndipo ulimi ulipomganda, siku ulipohitajika.

Ijumaa hiyo meneja alizima mitambo, akawakusanya bwaloni. Mtambo namba saba ulikuwa umeungua, na wa kuangushiwa jumba bovu alishapatikana: Mama Pacha, mfumaji wa mtambo ule. Eti uzembe. Lakini siku tatu kabla haujaungua, Mzee Spana, fundi wa mitambo, aliuwekea mtambo huo kiganja, maana ndivyo alivyopima siku hizi, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akaandika kwa chaki ubavuni: USIWASHWE. Meneja ndiye aliyeifuta ile chaki kwa mkono wake. Chiriku, wa mtambo namba nane, alimwona.

"Anayekubali kwamba huyu mama ni mzembe, asimame," meneja alisema. "Tukisimama wote, anaondoka leo leo."

Chiriku alisimama. Mama Pacha alikuwa rafiki yake wa miaka tisa. Ndiye aliyemlelea mwanawe Chiriku alipolazwa hospitali. Alisimama kabla ya wengine, akiangalia viatu vyake. Viti vikakwaruza sakafu, watu arobaini wakawa wima.

Ila mmoja. Mzee Spana alibaki ameketi kule nyuma kabisa, miwani kaipandisha kipajini, anasokota kipande cha uzi.

"Fundi! Na wewe je?"

Mzee aliinua macho, akawatazama waliosimama. Akamtabasamia meneja kwa upole, kisha akarudi kwenye uzi wake. Meneja aliuliza tena, safari hii kwa kufoka. Mzee akaendelea kusokota. Bwalo zima lilipigwa na butwaa, na meneja mwenyewe akababaika, akasema shauri litarudiwa Jumatatu.

Jumatatu ilikuwa kesho.

"Mbona umesimama juani, mwanangu?" Mke wa Mzee Spana alikuwa anatoka sokoni, kapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita ndani, pita. Naweka kapu tu jikoni."

Chiriku aliingia. Mzee hakugeuka. Akabaki na ule mgongo, na kwa kuwa kuzungumza na mgongo ni rahisi kuliko kuzungumza na macho, akamwaga yote.

"Baba, sikuja kujitetea. Nilimwona akifuta chaki. Nilimwona kwa macho yangu haya, na bado nikasimama, tena wa kwanza. Tangu Ijumaa sithubutu kupita mlangoni kwa Mama Pacha, nazungukia uchochoroni kama mwizi. Kesho nataka nibaki nimekaa. Ila najijua, baba, miguu yangu itaninyanyua yenyewe. Niambie tu, moyo ule uliutoa wapi?"

Mzee alidondosha tone la mafuta kwenye gurudumu, akalizungusha taratibu kwa kidole.

Machozi yalimtoka Chiriku. "Basi nitukane. Hata tusi nitalipokea, nimelistahili."

Gurudumu lilizunguka. Mzee akaridhika nalo, akaanza kulifuta kwa kitambaa.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe cha maji mkononi, na ilionekana yote ameyasikia. Hakukasirika. Alikwenda kwanza kufunga dirisha, ndipo akamsogelea Chiriku na kumshika bega.

"Mwanangu, nakuomba hili usilitoe nje, watamwachisha kazi," alisema. "Mwaka wa pili huu hasikii kitu. Ijumaa alirudi akaniambia mmefunga mkutano mapema, wote mkainuka, naye akakaa kusubiri watu wapungue mlangoni."