Jitu Halijainuka

Mipira ya karatasi ilikoma kurushwa, lakini Bonge hakuinuka.

Kila hadithi ya mnyonge kumshinda mwenye nguvu, iwe ya sungura na tembo au ya mchungaji mdogo na jitu, mwalimu aliwaigizisha wanafunzi wake. Jitu siku zote alikuwa Bonge, kwa ukubwa wa mwili wake. Wenzake walimrushia mipira ya karatasi, akaanguka kwa madoido, darasa likacheka, naye akacheka nao.

"Inuka bwana, mchezo umekwisha," mwalimu alisema.

"Anadeka huyo," sauti ilisema nyuma.

Damu ilikuwa ikimtoka Bonge sikioni polepole, ikielekea kwenye jiwe lililolala katikati ya karatasi. Lilikuwa jeusi, la mviringo, laini kama lililochaguliwa.

"Nani karusha jiwe?"

Darasa zima likanyoosha mikono, taratibu, kama watu wanaojua jibu.

"Si ulisema jitu tusimwonee huruma, mwalimu?" aliuliza binti wa dawati la mbele, kwa upole.

Mwalimu alipiga magoti, akamgusa Bonge shingoni. Mshipa ulikuwa bado unapiga. "Mmoja akamwite nesi! Kimbieni!"

Hakuna aliyetikisika. Basi akasimama aende mwenyewe, na macho yote yakapanda naye, kutoka miguuni hadi kichwani.

Bonge akiwa chini, mkubwa kuliko wote mle ndani alikuwa yeye.