Kobe Aliyefunga Lango

Kobe alikabidhiwa kuulinda mji wa kale wa wanyama, mji wa mawe uliozungushiwa ukuta, naye akaupenda kuliko roho yake. Aliyeugusa ukuta alikaripiwa. Njiwa walikatazwa kujenga viota, wakahama. Kuku nao wakachoka kufokewa, wakahama. Mwisho akamkuta Mbuzi amesimama kwa miguu ya nyuma, anatafuna majani kwenye nyufa.

"Bi Mbuzi, unakula urithi wetu! Toka!"

"Nakula majani tu, Bwana Kobe," alisema Mbuzi, akaenda zake.

Kobe akafunga lango, akaridhika. Mvua ziliponyesha, miche ya mkuyu ikaota nyufani, na hapakuwa na wa kuitafuna. Mizizi ikanenepa, ikasukuma mawe, hata upande mzima wa ukuta ukaporomoka. Kobe alilia bila jirani wa kumpa pole.

Akajikokota hadi kwa Mbuzi. "Nilimfukuza mlinzi nikabaki na funguo. Nisamehe, Bi Mbuzi, urudi."

Mbuzi akacheka. "Ulinzi gani? Mimi nilikuwa na njaa tu. Lakini sirudi peke yangu. Mji usio na majirani ni makaburi."

Kobe akaenda kwa kila mmoja kuomba radhi. Wakarudi na watoto wao, wakainua mawe, wakapaka chokaa. Kifaranga mmoja akaikanyaga ingali mbichi, akaacha alama za vidole. Wote wakamtazama Kobe.

"Kanyaga tena, mjukuu wangu," alisema Kobe, "wajao wajue kwamba tuliishi hapa."