Masikio Achagua Gitaa

Asubuhi ile gitaa lilimponyoka dada muuzaji mikononi, likaanguka kifudifudi sakafuni mwa duka. Kwa macho halikuwa na hata mkwaruzo. Lakini alipolichomeka kwenye amplifaya, halikutoa hata mkoromo.

Bosi, mume wa shangazi yake, alikwisha kuapa: kifaa kimoja zaidi kikiharibika mikononi mwake, akatafute kazi kwingine. Na nyumbani mapacha wake wanamtegemea yeye tu. Akalirudisha ukutani haraka, akaomba leo asije mtu wa kuliulizia.

Haikufika saa nne, akaingia Masikio.

Mjini hapo hakuna mpiga gitaa asiyemjua mzee huyo. Jina alilipata ukumbini, siku alipoisimamisha bendi nzima kwa sababu ya uzi mmoja uliolegea kwenye gitaa la mtu wa nyuma kabisa. Duka alilolisema vibaya, wateja walilipa kisogo.

"Shikamoo mzee," alisema dada, angali ameinama nyuma ya kaunta.

Hakujibiwa. Mungu wangu, kashajua! Alipojiinua, mzee akatabasamu.

"Hujambo mwanangu. Nina onyesho Jumamosi. Nataka la nyuzi za nailoni, nyumbani nipige hivi hivi, ukumbini nichomeke waya."

Yalikuwepo matatu. La kwanza shingo yake ilikuwa pana kama ubao wa kukatia mboga, vidole vya uzee vikagoma. La pili alilipapasa tumbo kwa kiganja, akapiga kidogo, akatikisa kichwa. "Hili limekufa."

La tatu ndilo lile lile lililoanguka: mwili wa gitaa la kawaida, shingo nyembamba kama ya gitaa la umeme. Alilipiga bila waya kwanza, kidevu kakiegemeza kwenye ubavu wake, macho kafumba. Dada alitamani wimbo usiishe.

"Haya, nichomekee."

Dada alikosa tundu la waya mara mbili kabla ya kulipata. Taa ya amplifaya ikawaka. Masikio akampa mgongo, akaanza kupiga. Zikasikika nyuzi zenyewe tu, kwa mbali. Kwenye amplifaya hakukutoka kitu. Dada akaona heri yaishe.

"Mzee, nisamehe," alisema nyuma yake, sauti ikikatika. "Ni bovu. Nimeliangusha mimi asubuhi. Usimwambie bosi, nakuomba."

Masikio hakugeuka. Alipiga mpaka mwisho, bila haraka, kama anayemwacha mwenzake ateseke. Kisha akageuka, uso unang'aa.

"Sasa hiyo ndiyo sauti! Imejaa mpaka kwenye pembe za chumba. Nifungie hili hili."

Ananicheza shere, aliwaza dada, na machozi yakamlenga. Akaja mbele yake, uso kwa uso, akarudia neno moja moja: "Mzee. Amplifaya haikutoa sauti. Hata kidogo."

Macho ya mzee yalikuwa kwenye midomo yake. Tabasamu likamfifia. Akamshika mkono.

"Mwanangu, nakuomba, usimwambie mtu," alisema, akidhani ananong'ona, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakageuka kutazama.