Filimbi ya Bibi wa Kona

Filimbi ilipolia alasiri ile, Mwenyekiti wa chama cha wakazi aliutambua mlio kabla hajageuka. Ulitoka kwenye droo ya jikoni kwake.

Chama kilikuwa kimeipa kila nyumba filimbi: ukivamiwa, puliza, mtaa mzima utatoka. Lakini Bibi wa Kona, mjane asiye na mtoto, alipuliza bila kuvamiwa. Watu wakifika mbio na marungu, wanamkuta mlangoni anatabasamu. "Hakuna kitu, wanangu. Karibuni chai."

Mwenyekiti ndiye aliyemnyang'anya filimbi, akaitia drooni kwake. "Bibi, mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Kisha bibi akaanguka bafuni, na hakuna aliyejua mpaka harufu ilipowabishia majirani hodi.

Sasa Mwenyekiti aliivuta droo. Filimbi ilikuwa palepale chini ya vijiko. Aliishika. Mdomo wa filimbi ulikuwa umelowa mate, bado ya moto.

Nje majirani walishajaa getini, wanahema.

"Mwenyekiti! Umevamiwa? Tumesikia kwako!"

Alifungua mlango awaeleze. Badala yake akajikuta anatabasamu, na akawaambia wote, hata waliomzidi umri:

"Hakuna kitu, wanangu. Karibuni chai."